Kipimo cha Shemeji

2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na amenikataza kuandika lingine lolote kabla ya hilo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda anatembea vizuri na kugombana na jirani kuhusu kuku. Mimi niko pale pale, ofisi ya vibali vya ujenzi, dirisha la tatu. Mwezi uliopita nilithibitishwa kazini. Wenzangu wamenipa jina la Nakala Tatu, kwa sababu kila karatasi inayopita mikononi mwangu naitolea nakala tatu: moja ya faili, moja ya mwenyewe, na moja ya siku ambayo zile mbili zitapotea. Wanacheka. Mimi nikiwa na nakala mbili tu silali vizuri.

Nakuandikia kwa sababu najua simu haikufai tangu ile mashine ya kukata mawe ikuharibie masikio.

Jambo lenyewe ni hili. Nyumba tumeikarabati. Dirisha la sebuleni limepanuliwa, kuta ni nyeupe, sakafu ni mpya, na vile viti vizito vya mbao tumeviondoa. Kilichobaki ni meko yako ya kuotea moto. Nisamehe, Mjomba, najua uliyajenga kwa mkono wako. Lakini katika sebule ya sasa, vile vigae vya kahawia, zile kokoto ulizozibandika, na wale simba wawili wa saruji, vyote vinaonekana kama mgeni aliyekuja na koti zito siku ya jua kali. Mama ameweka chungu cha maua mle ndani. Katika miaka yangu yote ishirini na minne sikumbuki kuyaona yakiwaka, hata mara moja.

Daktari amesema baridi ya mwezi wa sita isimkute Mama kwenye chumba kisicho na joto. Kwa hiyo nataka mambo mawili: meko yapendeze, na yawake.

Tumempata fundi. Tunamwita Fundi Kesho. Kazi anaijua, kalenda ndiyo haijui. Atabandua vigae na kokoto, apige plasta laini kuanzia chini mpaka darini, halafu kwenye mdomo wa meko aingize jiko la chuma lenye mlango wa kioo. Chini yake patakuwa na kibaraza kirefu cha zege cha kukalia. Dohani, yaani njia ya moshi, itabaki ile ile.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Ofisi yetu sasa inadai mchoro wa dohani kwa ndani, tangu mdomoni hadi juu ya paa, wenye saini ya aliyeijenga kama bado yuko hai. Wewe uko hai. Naambatisha fomu. Mchoro unakaa kwenye kisanduku cha nne. Tafadhali usitumie penseli.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusoma kwamba niko hai. Hapa karakana ya mawe tulikuwa bado tunalijadili.

Barua yako imelala wiki tatu kwenye sanduku la posta. Ufunguo anao bosi, na bosi alisafiri. Mimi sijambo. Mgongo unalia, masikio hayasikii mgongo ukilia, basi tunaishi kwa amani. Mwambie dada nimepokea salamu na ninazirudisha na nyongeza. Na amwache jirani na kuku wake.

Umewataja simba. Wa kushoto ndiye niliyeanza naye. Baba yako alikuja na randa mkononi, akamzunguka, akasema, "Shemeji, kondoo wako kapendeza." Nikamwambia asubiri nimtie manyoya ya shingo. Nilipomtia akasema, "Sasa ni kondoo mwenye baridi." Wa kulia nilimfinyanga kwa hasira, ndiyo maana yeye ni simba kweli.

Ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na baba yako. Yeye seremala juu ya paa, mimi mwashi chini, kutwa tunatukanana. Lakini akisema futi nane kutoka huko juu, mimi najenga futi nane bila kugusa utepe. Kipimo cha shemeji hakirudiwi, tulikuwa tunasema. Ukikirudia umemwita muongo.

Kuhusu meko, sikiliza. Yale yalijengwa ya kutazamwa. Wewe una kazi ya ofisini, utaanza kubeba kuni na kuzoa majivu ya nini? Dada abaki na maua yake. Maua hayatoi moshi.

Fomu yako nimeiweka pahali pazuri.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea Mama, na ule mzaha wa kondoo ulimfanya acheke hadi akashika magoti. Nilipofika pale uliposema meko ni ya kutazamwa, aliacha kucheka, akaniuliza kama nimefunga dirisha la jikoni. Lilikuwa limefungwa, na yeye alikuwa analiona.

Nikamuuliza moja kwa moja: "Mama, kwa nini hatujawahi kuwasha moto humu?"

Akasema, "Kuni zina wadudu."

Sijui nikuulize wewe au nimuulize yeye. Kila mmoja nikimuuliza ananionyesha maua.

Fundi Kesho alikuja, siku nne baada ya kesho yake. Amechungulia dohani kutoka chini kwa tochi. Anasema karibu na dari kuna kitu kama bega, saruji iliyojitokeza kwa ndani, halafu haoni zaidi. Kwake si ajabu. Anasema mafundi wa zamani walikuwa wanaweka bega la namna hiyo ili mvua isidondoke motoni. Ni kweli, Mjomba? Uliliweka kwa sababu hiyo? Ukijibu ndiyo au siyo, mimi nitaandika kwenye kisanduku cha nne, wewe utie saini tu.

Naomba unielewe, haraka yangu si ukaidi. Hiyo fomu naijua kuliko ninavyoijua ratiba ya kula. Ni mimi ninayeipokea dirishani. Kila wiki narudisha watu wazima, wengine wana umri wako, kwa sababu kisanduku cha nne kiko wazi. Wananiita majina. Sasa nyumba yangu mwenyewe ipite bila mchoro? Mwaka jana karani mwenzetu alipitisha faili ya ndugu yake bila kukagua, na siku moja asubuhi tulikuta kiti chake kitupu. Ninakaa karibu na kile kiti.

Naambatisha fomu nyingine, endapo pale pahali pazuri ni pazuri mno.

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa. Kulikuwa na kazi ya ngazi, mawe mia mbili na kumi, na mwenye ngazi akataka yote yafanane kama meno. Nimeikuta barua yako, nikaisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Nimelifikiria pambo lenu. Huyo fundi wako ana macho, ila mweleze haya. Plasta nyeupe tupu hadi darini itamchosha mtu kama ukuta wa zahanati. Achague jiwe moja refu, bapa, la kijivu, aliweke juu ya mdomo wa meko badala ya ile rafu yangu yenye mikunjo. Kando kando asiweke kitu. Sisi zamani tuliogopa ukuta mtupu, tukaujaza mapambo. Siku hizi mnaujua utulivu, na nawasifu.

Sasa fanyeni hivi. Mdomo wenyewe zibeni kwa matofali. Kabisa. Mbele yake wekeni hita ya umeme, ziko nzuri siku hizi, nyingine zina hadi taa ya kuigiza moto. Dada atapata joto na nyumba itakuwa ya kisasa. Mkiziba, hiyo fomu haina kazi tena.

Ila kwa kuwa umenitumia mbili, nimejaza moja. Nimekuchorea meko kwa mbele, na simba wote wawili. Kisanduku cha nne nimekiacha. Kalamu iliisha wino.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hapa baridi imewahi mwaka huu. Mama ameanza kukohoa alfajiri. Hita ya umeme tulijaribu kuazima kwa jirani wa kuku. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, tukairudisha. Wazo lako la jiwe la kijivu Fundi Kesho amelipenda mno, sasa anazungumza kana kwamba ni lake.

Fomu imefika. Kalamu yako iliisha wino kwenye kisanduku cha nne, halafu ikapata wino kwenye cha tano, cha sita, na kwenye saini. Mimi ni karani, Mjomba. Kazi yangu ni kutazama mahali ambapo watu hawakuandika.

Nina jambo la kukiri, na naliandika haraka kabla sijaogopa.

Jumatatu iliyopita karani wa dirisha la pili aliniona nimeinamia fomu yako. Akasema, "Nakala Tatu, unalia?"

Nikasema silii.

"Hebu nione. Ah! Saini ipo, kila kitu kipo. Chora mstari, basi. Dohani ni dohani, moshi unapanda juu. Nani atapanda kwenye paa la mama yako kuangalia?"

"Si nilichokiona kwa macho yangu."

"Wewe ulimwona nani akizaliwa? Na vyeti vyao si unavipokea?"

Wote wakacheka. Na mimi, kwa kuogopa kuonekana mwoga, nikachukua rula na kuchora. Mstari mmoja ulionyooka, toka mdomoni hadi juu ya paa, juu ya saini yako. Nikaiweka kwenye trei ya Mkuu wa idara. Nilirudi kitini, nikapokea watu wawili, sikumbuki walitaka nini. Kabla Mkuu hajatoka kwenye kikao nilikwenda kwenye ile trei, nikaichukua fomu yangu, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kiatu. Nilishinda nayo kiatuni. Bado ninayo. Sijaitolea nakala.

Sasa sina mchoro wa kweli wala wa uongo. Na Fundi Kesho amechoka kunisubiri. Vigae vimeshatoka, jiko la chuma limeshafika, liko sebuleni ndani ya boksi. Amesema Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi, atawasha moto wa majaribio, kuona kama moshi unavuta. Fomu tutaishughulikia baadaye, anasema. Mama alisikia, akaenda zake bustanini.

Nakuuliza kama binti wa dada yako, wala si kama ofisi. Kuna nini ndani ya dohani?

Mpwa wako


5 Juni, kwa mkono wa kondakta wa basi

Usiwashe. Barua yako nimeipata leo. Usiwashe hata njiti. Fundi na akuone mjinga, lakini asiwashe. Nitaeleza.

Mjomba


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hatukuwasha. Naanza na hilo ili upumue.

Karatasi yako ilinifikia jana saa saba mchana. Kondakta alisema basi liliharibika njiani. Kwa hiyo ilipofika, saa nne ilikuwa imeshapita. Nakueleza ilivyokuwa.

Fundi Kesho alikuja kwa wakati. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, saa nne kasorobo, na kuni kavu mgongoni. Alizipanga vizuri, akatoa kiberiti. Mimi nikaenda nikasimama kati ya wale simba wawili, mgongo wangu umeziba mdomo wa meko.

"Dada, sogea," akaniambia.

"Kisanduku cha nne kiko wazi," nikamwambia.

"Kisanduku gani?"

"Cha fomu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi amesimama barabarani. "Mimi nimeacha kazi ya watu wawili kuja hapa. Unaniambia habari za kisanduku?"

Sikujua lolote kuhusu dohani. Nilijua tu kwamba mtu anayejaza visanduku vyote na kuacha kimoja hakusahau. Nikasema, "Ofisi yangu hairuhusu." Akasema hapa si ofisini. Nikasema nilipo mimi ni ofisini. Hilo sijui lilitoka wapi. Alicheka, kicheko kibaya, akakusanya kuni zake, akasema nimtafute nikipata akili.

Mama alikuwa mlangoni muda wote huo, ndoo ya mchanga iko miguuni pake.

Karatasi yako ilipofika nilimpa aisome. Aliisoma mara moja, akaigeuza kuona nyuma kama kuna kitu, akasema, "Kaandika mbio mbio, hata kunisalimia kasahau." Halafu akaketi kwenye boksi la jiko. Nikamuuliza kama anajua ulichotaka kueleza. Akanijibu, "Aseme mwenyewe. Nimengoja miaka kumi na tisa, wiki mbili hazitaniua."

Kwa hiyo tunangoja sote wawili.

Mpwa wako


16 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Dada yangu, nakusalimu hapa juu kabisa ili usiseme nimesahau.

Ndani ya dohani kuna boriti. Boriti ya paa, ya mbao, imekatiza katikati. Lile si bega la mvua. Ni saruji niliyoipaka kuificha boriti isionekane kutoka chini.

Sasa nieleze ilivyofika pale. Baba yako alipiga paa kwanza, kwa sababu mvua zilikuwa karibu. Akaniambia kutoka juu, "Shemeji, dohani futi tatu kutoka ukutani, utapita katikati ya boriti mbili bila kugusa." Nikajenga futi tatu. Wakati huo ndipo alipoanza kuugua, akawa halali vizuri, akawa hapandi tena. Mimi nikaendelea na matofali yangu mpaka darini, na nilipotoboa dari nikaikuta boriti inaningojea.

Nilikosea mahali. Sijui wapi. Sikurudia kipimo. Nilikaa kwenye jukwaa nusu siku nikiitazama. Ningebomoa dohani mpaka sakafuni, au ningekata boriti inayobeba paa la mgonjwa wakati wa mvua. Nikachagua la tatu. Nikaipaka saruji, nikashuka, nikasema kazi imekwisha. Saruji hupasuka kwa joto, na mbao iliyo nyuma yake huanza kuungua polepole. Hilo kila mwashi analijua. Nikawaambia meko yasiwashwe mpaka saruji ikomae, miezi mitatu. Nilifikiri shemeji akipona tutapanda wote, atanitukana siku nzima, tutarekebisha.

Hakupona. Aliyataka yale meko tangu akiwa mzima, na ugonjwa ukamwongezea baridi. Kila asubuhi alikuwa amekaa pale kwenye kiti, blanketi miguuni, mbele ya meko baridi, ananiuliza, "Shemeji, imekomaa?" Namjibu, "Bado." Kesho yake, "Imekomaa?" "Bado." Mwezi wa pili wa kungoja akafariki.

Mimi ndiye niliyemnyima moto. Siku ya tatu baada ya mazishi niliondoka, nikasema nimepata kazi mbali. Kazi niliipata baadaye. Masikio yalipoharibika watu walinihurumia, lakini mimi nilipata nafuu, maana kwenye simu ningesikia sauti ya dada akiniuliza ninarudi lini.

Ulisema ulichora mstari ulionyooka ukaufukia kiatuni. Wa kwangu umesimama kwenye nyumba yenu miaka kumi na tisa, na simba wawili wanaulinda. Ulipouondoa wako kwenye ile trei, nilijua siwezi tena kuuacha wangu.

Msomee dada. Asiponijibu nitaelewa.

Mjomba wako


1 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nilimsomea Mama barua yako sebuleni, mchana, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Nilisoma polepole. Nilipomaliza aliinuka, akatoa chungu cha maua kwenye meko, akaniambia niingize kichwa nitazame ukuta wa nyuma. Nikaingiza. Kuna doa jeusi, upana wa sahani.

"Hayo ni masizi," akasema. "Niliyasugua siku nzima, hayo yakagoma."

Naandika sasa aliyoniambia, na nimemsomea ili nisiongeze wala kupunguza.

Kuna siku ulikwenda kuleta mchanga, ukachelewa. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Akamwambia Mama, "Washa." Mama akamkumbusha maneno yako, saruji haijakomaa. Baba akasema, "Saruji ya nani? Washa." Mama akawasha, vijiti vichache tu vilivyobaki kwenye useremala wake. Baba akanyoosha miguu. Alikaa karibu nusu saa. Alimwonyesha Mama simba wa kushoto, akasema, "Mtazame, leo ndiyo mara ya kwanza kondoo huyu hana baridi," na alicheka mpaka akakohoa.

Kisha akainua pua. Mama anasema seremala anaijua mbao yake kwa harufu kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Akasema, "Zima. Hiyo ni boriti yangu."

Mama akamwaga mchanga wa ndoo. Baba akahesabu kwa vidole, halafu akajipiga paja. Alikuwa ameisogeza, Mjomba. Boriti hiyo ilikuwa na ufa, akaisogeza futi moja ipate kushika vizuri ukutani. Alitaka kukwambia jioni ile. Homa ya kwanza ilimkuta jioni hiyo hiyo, na jambo hilo likamtoka akilini. Futi tatu zako zilikuwa sahihi. Kilichohama ni boriti.

Mama alitaka akimbie kukuita. Baba akamkataza. Alisema, "Akijua, kesho atapanda kubomoa, na ataniacha hapa peke yangu nikimsikiliza anapiga nyundo. Mimi sina miezi hiyo. Namtaka akae hapa chini anitukane." Kwa hiyo Mama alizoa majivu, akasugua masizi, na yaliyogoma akayawekea chungu cha maua. Uliporudi na mchanga ulisema maua yamependeza.

Na kuhusu kukuuliza kila asubuhi kama imekomaa: Mama anasema alikuwa anakuchokoza. Alikwisha kujua. Alikuwa anangoja useme mwenyewe mcheke wote wawili, na wewe kila siku unajibu "Bado" na uso wa hakimu. Ukitoka tu, walikuwa wanacheka chini ya blanketi.

Mimi nikamuuliza Mama mbona hakukwambia baadaye. Alisema ulipoondoka siku ya tatu alidhani umeona lile doa, ukajua walikuficha, ukakasirika. Akaona aibu kuandika. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, na barua isiyoandikwa mwaka wa kwanza huwa nzito zaidi mwaka wa pili.

Amenituma nikwambie maneno haya kama yalivyo: "Hakumnyima moto. Mume wangu aliuota. Mwambie arudi."

Ile fomu niliyoitia kiatuni nimeichana. Nyingine naambatisha, safi, kwa nakala tatu. Fundi Kesho nimemwomba radhi, nikamweleza. Aliniuliza kama ofisini kwetu kuna nafasi ya kazi. Nilimwambia tunaanza saa mbili kamili, akasema basi.

Mpwa wako


12 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilitoka nje ya karakana, na wenzangu wakadhani ni vumbi la mawe.

Yule mtu! Miezi miwili ananichezea pale kwenye kiti.

Fomu iko humu, nakala tatu zote nimezijaza kwa mkono. Kisanduku cha nne kimechorwa kwa ndani, boriti na kila kitu. Nimeandika futi tatu kutoka ukutani, na boriti ilipo sasa. Penye jina la mjenzi hapakutosha, nimeandika pembeni: mwashi mmoja na seremala mmoja, marehemu. Kama ofisi yako haikubali wawili, niambie nije niwaeleze.

Dawa yake ni hii. Tutaweka nguzo ya chuma kila upande kubeba paa, tukate kipande cha boriti kilicho ndani, tupitishe bomba la chuma lenye nafasi pande zote, ndipo jiko lenu la kioo lifungwe. Hakuna atakayepiga plasta mpaka bomba lisimame. Jiwe la kijivu nimelichonga mimi, nitakuja nalo. Simba wa kulia mvunjeni, kwenye sebule hiyo hana kazi. Yule kondoo msimguse, awekwe mwisho wa kibaraza.

Nafika Alhamisi tarehe 24 kwa basi la asubuhi. Mwambie Fundi Kesho aje Alhamisi, siyo Ijumaa. Aje na utepe wake, na vipimo nilivyoandika avirudie vyote, kimoja kimoja, mbele yangu. Sitanuna.

Dada, niwekee kiti upande wa kondoo.

Mjomba wako